Mara Saba, Moja kwa Udongo

Nyumbani kwetu Sumbawanga paka alikuwa na haki nyingi kuliko mimi. Nasema hivi bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu. Alilala juu ya magunia ya unga dukani, akichoka huko alihamia kwenye mkeka wa baba wa kuswalia, na siku za baridi alijikunja juu ya pindo la kanzu yake. Baba, ambaye wateja walimwogopa kwa ukali wa ulimi, alikaa papo hapo mguu ukimfa ganzi akimngoja paka aamke. Mama akimwita kwamba chakula kinapoa, alijibu kwa sauti ya chini, "Nakuja. Huyu kalala." Mimi nikichelewa kuamka nilimwagiwa maji.

Mbwa alikaa nje.

Baba alikuwa mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, wa ukoo wa Waislamu waliofanya biashara tangu enzi za mababu. Alipanda Ufipa na mizigo ya chumvi na dagaa, akafungua duka, akamwoa mama. Mama alikuwa Mfipa wa Mpui, na kwao mbwa alilala jikoni karibu na mafiga kama mtu mwingine yeyote wa nyumba. Alipoolewa alisilimu. Mambo mengi ya kwao aliyaacha bila kugeuka nyuma, ila mbwa wa jikoni alimkumbuka mara kwa mara, hasa akiwa na hasira na baba.

Basi mwaka mmoja, miaka michache baada ya vile vita vikuu vya pili, fisi walizoea kufika mpaka nyuma ya duka letu. Walichukua mbuzi wawili katika juma moja. Habari zikafika Mpui, na bibi, mama yake mama, akaja kwa miguu na kapu kichwani. Alipolitua tukaona limejaa unga wa ulezi, na juu ya unga, kwenye kitambaa, amelala mtoto wa mbwa mwenye rangi ya kutu. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Baba alilitazama kapu, akamtazama mkwewe, akasema, "Ahsante sana, mama. Umetufaa." Ugali wa unga ule hakuuonja hata tonge. Alisema tumbo linamsumbua, na liliendelea kumsumbua mpaka unga ukaisha. Bibi alisikitika sana, akamwagizia mizizi ya kuchemsha. Akainywa, maskini.

Kabla ya kuondoka bibi alituweka chini, mimi na mama, akatupa wosia wake. "Mbwa hutunzwa kwanza, ndipo alinde. Mkimshindisha njaa atakwenda kula na hao fisi."

Baba hakukataa. Mbwa wa ulinzi dini haimkatazi, alisema, ila kila kitu na mpaka wake. Mpaka wenyewe ulikuwa vizingiti vyetu viwili, cha nyumba na cha jiko. Mbwa alipewa sufuria kuukuu iliyovunjika mpini, na gunia chini ya upenu. Mate yake ni najisi nzito. Alichokilamba, au alichokigusa akiwa na majimaji, sharti kioshwe mara saba, na mara moja katika hizo saba maji yachanganywe na udongo safi. Lakini mkavu kwa mkavu hakuna neno. Kwa hiyo kiangazi tulimpenda hadharani, nikamkuna masikio mbele ya baba bila hofu. Masika tulimpenda kwa mbali, kwa maneno.

Mama ndiye aliyemtunza. Alimlowekea ukoko wa ugali kwenye mchuzi wa maharage, akamchambulia vichwa vya samaki wa Rukwa mwiba mmoja mmoja. Siku ya kuchinja alimwomba mchinjaji kipande cha pafu. Kupe aliwapaka mafuta ya taa kwa ncha ya unyoya wa kuku mpaka wakaachia wenyewe. Gunia alilinyunyizia majivu ya jikoni, viroboto wakahama. Kila Ijumaa, baba akiwa msikitini, aliziinua nyayo zake nne, akatafuta funza kama alivyokuwa akitafuta kwenye vidole vyangu, na akamsemesha Kifipa. Mimi alinisemesha Kiswahili kwa sababu baba alitaka hivyo. Niliona wivu.

Jina hakupewa. Baba alimwita "Wewe." Basi naye akaamini hilo ndilo jina lake, na kila mama alipofoka "Wewe!" kwa sababu nimemwaga maziwa, tulinyanyuka wawili, mimi nikiwa na hatia na yeye akitikisa mkia.

Nilikuwa na miaka minane kilipofika kile kipupwe ninachotaka kukieleza. Asiyekijua kipupwe cha Ufipa asidhani anajua baridi. Nchi yetu ni uwanda wa juu, miti ni ya kutafuta, na upepo wa mwezi wa sita na wa saba ukishaanza kuvuma hauna wa kuuzuia. Asubuhi nyingine nyasi ziliamka nyeupe. Kuni tulizitumia kwa hesabu, tukaongezea magunzi na mavi makavu ya ng'ombe. Mimi nililala na blanketi mbili, na paka juu ya tumbo. Na huko nje, ng'ambo ya ukuta niliolalia, nilimsikia mbwa akijikunja na kujikunjua kwenye gunia lake, akitafuta upande wenye nafuu. Ilinichoma moyo. Nilimwomba baba amwingize japo jikoni. Akanijibu kwa upole, si kwa ukali, kwamba jikoni ndiko chakula kinakotoka, na najisi ni najisi hata kama tunaipenda. Hilo neno "tunaipenda" lilimponyoka, nadhani. Aliondoka haraka.

Sasa huko madrasa mwalimu alikuwa akitufundisha twahara, yaani usafi wa ibada. Mimi kwa kawaida nilikuwa mtu wa kuchapwa. Aya ziliniingia huku zikatokea kule. Lakini somo la najisi ya mbwa nililishika kama jina langu. Mwalimu akauliza: chombo kilichoguswa na mbwa kinatakasika vipi? Nikasimama nikajibu bila kumeza mate: kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo safi, nacho huwa safi kabisa, hata cha kunywea. Akanisifu mbele ya wavulana. Nikarudi nyumbani nikikimbia, na nilipofika kona ya duka nilikuwa tayari nimeshaamua. Kama chombo kinatakasika, kwa nini mbwa asitakasike? Watu wazima hawakuwa wamejaribu tu, nilifikiri. Walikuwa wavivu.

Baba alikuwa amepanda lori kwenda upande wa Kasesya kufuata mzigo, safari ya siku tatu. Mama alikwenda Chanji kumpongeza mzazi. Alasiri hiyo nikamwita mbwa uani. Maji ya pipa yalikuwa ya kukata vidole. Udongo niliufuata kwenye kichuguu nyuma ya shamba la maharage, nikauchekecha kwa chekecheo la mama ili usiwe na shaka yoyote, nikaukoroga kwenye kata ya kwanza. Mbwa alisimama tuli. Hakunifanyia ubishi wowote. Mtu aliyekuwa akimpa ukoko hakuwa na sababu ya kumdhuru. Nilimwosha kuanzia puani mpaka ncha ya mkia, nikahesabu kwa sauti. Mara ya nne mkia ulikuwa umeingia katikati ya miguu. Mara ya sita alikuwa akitetemeka mwili mzima, nami nikimwambia, "Vumilia, leo unalala jikoni." Nilipotimiza saba nilimfuta kwa gunia, nikafungua mlango wa jiko, nikamwambia kwa heshima zote, "Karibu."

Akakaa chini.

Nilimvuta shingo. Nilimsukuma nyuma. Nilimtupia kipande cha ugali ndani kabisa, karibu na mafiga. Alikitazama, akanitazama, akabaki pale pale nje ya kizingiti, kwa sababu mbwa wa baba alikuwa amefundishwa vizuri. Alikaa kwenye upepo akiwa ameloa chapachapa, na mimi nikaendelea kumbembeleza mpaka niliposikia sauti ya mama njiani. Nikafunga mlango. Nikamwaga maji yaliyobaki. Nikajikausha.

Asubuhi alikuwa akikohoa. Ukoko wake haukuguswa. Mama alichutama mbele yake, akamsikiliza, akasema, "Huyu amekwamwa na mfupa." Akamfungua kinywa kwa mwiko, akachungulia, hakuona kitu, akasema basi umeshuka chini. Akamnywesha samli ili uteleze. Mbwa alikohoa ile samli yote. Mimi nilisimama pembeni nimemshika paka kifuani, na sikusema neno. Mpaka leo najiuliza ilikuwaje. Niliogopa fimbo, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa kuonekana mjinga, baada ya kusifiwa mbele ya wavulana.

Siku ya pili alikuwa amelala ubavu, mbavu zikipanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Mama alimwashia moto nje, upepo ukautawanya. Alimfunika kwa magunia matatu. Kumwingiza jikoni hakuthubutu. Nyumba ina mwenyewe, alisema, naye alikuwa amemwahidi baba. Akamnyima uji kwa sababu ya ule mfupa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha maradhi ya mwenzangu.

Siku ya tatu, kabla ya magharibi, baba akashuka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amevaa koti lake, koti zito la jeshi la Mwingereza alilolinunua vita vilipokwisha, lenye vifungo vya shaba na ukosi wa kuinua mpaka masikioni. Mji mzima ulimjua kwa koti lile. Mama alimpokea, akamweleza hata kabla ya maji ya kunywa.

"Mbwa amemeza mfupa, baba watoto. Siku ya tatu leo. Anateseka mno, na mimi siwezi kumwona hivyo. Yule jirani mwenye bunduki nimeshamwambia. Kesho asubuhi atakuja ammalize."

Baba alitazama kule chini ya upenu. "Kama ni mfupa," alisema, "basi ni huruma."

"Si mfupa," nilisema.

Wote wawili walinigeukia.

"Nilimwosha."

"Ulimwosha nini?" mama akauliza.

"Nilimwosha ili awe safi. Ili alale ndani. Nilimwosha mara saba." Nikaanza kulia, kilio kile kibaya cha makamasi. "Mara saba, na moja kwa udongo. Udongo niliuchekecha."

Mama alishika kichwa. Nilimwona akitafuta fimbo kwa macho. Lakini baba alikuwa amechutama, uso wake usawa wa wangu, na alichoniuliza sikukitazamia.

"Udongo uliuweka mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Uliutoa wapi?"

"Kwenye kichuguu. Haujakanyagwa."

Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa akicheka. Kisha nikaona analia pia, kidogo, au ni vumbi la lori. Hilo hakuwahi kulikiri. "Mwanangu," akasema, "masomo umeyashika kuliko mwalimu wako. Lakini ile ni hukumu ya chombo. Huyu si chombo. Huyu Mungu kamuumba hivyo, na hana kosa la kuoshwa."

Akasimama. Akamwambia mama, "Basi ni baridi imemwingia kifuani. Baridi hutibika. Mwambie mwenye bunduki akae kwake."

Halafu alivua koti. Nasimulia haya nikiwa bibi kizee, nimeona mengi ya kushangaza, ila sijaona lililonishangaza kama lile. Alilitandaza chini ya upenu, akaingiza mikono yake miwili mitupu chini ya mbwa yule, aliyekuwa na povu mdomoni na ute puani, akamwinua, akamlaza juu ya bitana, akamfunga kama mtoto mchanga. Akavuka naye kizingiti cha jiko. Mama alisogeza vyungu bila kuambiwa.

Siku zile tulipika uani, kwenye upepo, na hakuna aliyelalamika. Mama alipika uji mwepesi wa ulezi, akautia asali. Baba alikishika kichwa cha mbwa, akamdondoshea uji pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, maana tukimmiminia utaingia mapafuni. Mama alimwelekeza kama kwao walivyofanya: mgeuze, asilalie ubavu mmoja, mkande kifua kwa kitambaa cha moto, mfute pua apate kupumua. Baba alitii. Sikuwahi kumwona akiamrishwa na mama kwa muda mrefu namna ile, na nadhani mama aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Paka naye akaja jikoni kumtafuta baba, akamkuta mbwa kwenye koti, akapanda juu yake akalala. "Na wewe pia?" baba akamwambia kwa uchungu.

Lakini swala haikungoja mbwa. Mara tano kwa siku baba alitoka jikoni akakaa kwenye jiwe la uani, akakunjua mikono yenye mate na uji, na mimi nikammiminia. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na hapakuwa na nyingine. Kata ya kwanza ya udongo, sita za maji matupu, yale yale ya pipa. Nilihesabu kwa sauti. Na ikifika saba, alianza kutawadha upya. Siku ya pili ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka, damu ikitoka kwenye vifundo. Mama alimpaka samli, naye akairudia kazi ile ile. Nilimwambia, "Baba, acha, mimi nitamshika mbwa." Akasema, "Wewe mikono yako ni midogo. Mimina."

Nilimimina. Nilijua sasa ubaridi ule ulivyokuwa kwa mwenzangu uani, kwa kuuona kwenye mikono ya baba.

Siku ya tatu ya jikoni mbwa alilamba uji mwenyewe kwenye kiganja. Jioni yake alikohoa mara mbili tu. Baba alikwenda kufungua duka, bila koti, kanzu ikimpepea kwenye upepo ule. Watu walimtania: Bwana, koti umelipeleka wapi? Akawajibu kwamba mlinzi wake ana zamu ya baridi, amemwachia.

Siku ya nne, adhuhuri, mimi na baba tulikuwa kwenye lile jiwe. Nimemmiminia zote saba, naye amemaliza kutawadha, maji yanamtiririka viwikoni, anataka kuelekea mkekani. Mlango wa jiko ukasukumwa. Mbwa akatoka. Alitembea kwa miguu minne inayopishana yenyewe, akavuka kizingiti, akaenda polepole mpaka chini ya upenu, akajizungusha mara mbili, akajilaza kwenye gunia lake la zamani. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa amepata nafuu kidogo, akakumbuka mahali pake.

Upepo ulikuwa ukivuma moja kwa moja kutoka uwandani. Mbavu zake zikaanza tena kutetemeka.

"Wewe," baba akaita. "Rudi ndani."

Mbwa akatikisa mkia. Jina alilijua. Hayo maneno mengine mawili hakuyajua, kwa sababu tangu afike kwenye kapu la unga hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwambia. Yeye alifundishwa "toka" peke yake, na aliifahamu vizuri.

"Rudi ndani," baba akarudia, akionyesha jiko kwa mkono ulioloa. "Ndani, wewe. Tafadhali." Mbwa alimtazama kwa hamu yote ya kutii, na hakuinuka.

Baba alitazama mikono yake iliyo safi. Kisha akatembea mpaka kwenye upenu, akapiga magoti, akamkumbatia kifuani, mbwa akamlamba shavu lote mpaka kwenye ndevu. Nilikwenda kuchekecha udongo kabla hajaniita.